Tulivyojiandaa kumpokea mtoto tukiishi mlimani Bugarika

Watu wakikwambia "jiandaeni, mgeni anakuja", mara nyingi wanawaza nguo. Sisi nguo hazikutusumbua. Ukiwahi soko la Mlango Mmoja asubuhi, wakati robota za mitumba zinafunguliwa, unapata vya mtoto vya kutosha. Nyumbani unafua kwa maji ya moto, unaanika juani, unapiga pasi mpaka kwenye mishono, basi. Kilichotuumiza kichwa ni maji, na namna ya kumshusha mke wangu kutoka kule juu kwenye mawe.

Anayeijua Mwanza ameshanielewa. Gari linaishia chini. Kuanzia hapo ni miguu tu, ngazi za mawe, kona katikati ya majabali, na pengine inabidi ushike jiwe ndipo upite. Hospitali ya Bugando haiko mbali na kwetu. Lakini umbali wa mchana si umbali wa saa nane usiku, mvua inanyesha na mtu ana uchungu.

Kliniki, muuguzi alituuliza maswali ambayo nadhani kila baba angepaswa kuwepo kuyasikia: mtajifungulia wapi, nani atamsindikiza, nani yuko tayari kuchangia damu ikihitajika, fedha ya dharura iko wapi, usafiri ni upi. Usafiri nikajibu haraka: bajaji. Akanitazama. "Baba, mnakaa Bugarika. Hiyo bajaji itafika mlangoni?"

Jioni ile nikaenda kwa wapangaji wenzangu. Sikuomba mchango wa mtoto, niliomba njia. Tukanunua saruji, tukaziba ngazi zilizobomoka, tukasimika mirunda ya kushikilia pale penye utelezi, tukafunga taa ya sola kwenye kona mbaya kuliko zote. Wale vijana wanaopandisha madumu ya maji nikawaweka tayari, maana hakuna anayeijua njia ile kama wao. Kiti kimoja cha mbao chenye mikono tulikifunga mirunda miwili pembeni, tukakifanyia majaribio kwa kumbeba jirani yetu mmoja mnene, naye akatutukana njia nzima. Madereva wa bajaji wanaolala jirani nikachukua namba zao, na ukutani nikaandika 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga.

Maji sasa. Mlangoni kwetu ziwa lote unaliona, na bado ndoo unainunua. Bomba huja kwa mgao, mara nyingi usiku, na nyumba yenye mtoto wa nepi haisubiri mgao. Tukanunua simtanki dogo, la mtumba pia, tukalisugua vizuri. Maji ya kunywa na ya kumwogeshea mtoto tulipanga kuyachemsha, ya kufulia yabaki ya tanki. Kuna aliyeshauri nepi zikafuliwe ziwani, nikakataa kabisa. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, na anayefua anasimama majini muda mrefu.

Mama yangu alikuja kutoka Magu na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), samli na msimamo wake. Alitaka jiko la mkaa liwekwe chumbani, dirisha lifungwe, mzazi apate joto. Mama yako huwezi kumjibu tu hivyohivyo. Nilimwambia, "Mama, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaweza kuua watu wakiwa usingizini." Akasema yeye amelea wanane. Nikamwomba alale kwanza chumba kile usiku mmoja bila jiko. Majabali yanayotuzunguka hunyonya jua mchana kutwa, na usiku joto lote linarudi ndani. Asubuhi aliamka anajipepea na kanga, akaniambia jiko nilipeleke uani likapike uji. Dirisha likabaki wazi, na chandarua tulichopewa kliniki kikafungwa juu ya kitanda. Tulikuwa tumekitundika kivulini siku nzima ili dawa yake ipungue ukali.

Begi lilikaa nyuma ya mlango: kadi ya kliniki, mpira wa kulalia, glovu, pamba, vibana kitovu, beseni, kanga safi, nguo za mtoto na kofia. Kwenye kanga usibane matumizi.

Uchungu ulianza saa nne asubuhi, jua kali. Taa ya sola haikuwa na kazi, wabeba kiti walikuwa kazini, na mke wangu alishuka mwenyewe akishika mirunda, akisimama kila uchungu ulipobana, huku akisalimia wenye maduka. Kiti kilitumika siku ya kurudi. Kupanda na mshono ni shughuli nyingine, na hilo hatukuwa tumeliwaza hata kidogo wakati tunapanga.

Sheria ya kazi inampa baba likizo ya siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Zangu nilizimaliza kwenye ndoo na kamba ya kuanikia. Chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, na ya polio mtoto alipata mapema, nyingine zinaanza wiki ya 6. Cheti cha kuzaliwa kwa walio chini ya miaka 5 hakilipiwi, ila jina lazima liwepo, na hapo ndipo tulipokwama: Mama ana lake, mke wangu ana lake, na mimi bado sijaulizwa.