Kutoka saa 4 asubuhi hadi saa 6 usiku: zamu moja katika sinema inayohudumia chakula vitini

Saa 4:00 asubuhi. Kabla ya kuingia jikoni, nafungua ratiba ya filamu. Zamu hupangwa kwa saa za kuanza, si kwa idadi ya tikiti. Tikiti 200 za filamu nne zinazopishana kwa dakika 25 huhudumiwa bila hekaheka. Tikiti 120 za filamu mbili zinazoanza karibu pamoja hulemea jiko. Kila filamu naiwekea alama mbili: dakika 30 kabla ya kuanza, ambazo ni za oda, na dakika 40 kabla ya kuisha, ambazo ni za bili. Bili za ukumbi mmoja zikigongana na oda za mwingine, naongeza mtu. Wengi huongeza watu saa ya oda tu, bili wakazisahau.

Saa 6:00 mchana. Vitufe vya kumwita mhudumu vinajaribiwa kimoja kimoja, pamoja na tochi na namba za viti. Namba ikifutika, sahani itazunguka gizani hadi ipoe.

Saa 10:00 jioni. Kundi la kwanza la wahudumu linaingia. La pili huja saa 11:30. Kikao ni cha dakika 10: urefu wa kila filamu, vilivyoisha jikoni, viungo vinavyosababisha mzio. Ukumbi wa viti 60 naupa wachukua oda wawili na mpelekaji mmoja, na mpelekaji wa pili anahudumia kumbi mbili. Mgeni kazini anaanza na upelekaji, azoee viti kwanza.

Saa 12:00 jioni. Milango inafunguliwa; filamu ni saa 12:30. Hapa ndipo jiko huokolewa au huzamishwa. Mhudumu anayeshika oda 12 mkononi na kuzituma kwa mkupuo hulifanya jiko likae bure, kisha lifurike. Oda itumwe meza kwa meza, hata kama ni ya soda mbili. Suala la mzio liulizwe taa zikiwa bado zinawaka, maana gizani kunong'onezana huzaa makosa.

Filamu ikianza, mhudumu anainama, trei ikiwa chini ya usawa wa macho ya walio nyuma. Uma na kisu huviringishwa kwenye kitambaa visigongane. Chakula cha kukatwakatwa kwa kisu sikipendi kabisa kwenye menyu ya gizani.

Saa 1:40 usiku. Oda ya mwisho. Filamu ni ya saa mbili, hivyo bili zinaanza saa 1:50. Bili 30, kila moja dakika moja hivi: watu wawili wanamaliza kwa dakika 15 na dakika 25 za mwisho za filamu zinabaki bila usumbufu. Ukichelewa, msongamano unahamia mlangoni. Ukiwahi mno, unajikatia mauzo ya vitindamlo. Bili ikipelekwa, glasi tupu ziondolewe papo hapo. Zikisubiri mwisho, sehemu ya kuoshea hufurika na baa hukosa glasi za filamu inayofuata.

Saa 2:30 usiku. Watu wanne, dakika 20: wawili wanakusanya vyombo, mmoja anafuta meza, mmoja anafagia na kupekua kati ya viti. Milango saa 2:50, filamu saa 3:20. Wapanga ratiba hutaka kubana pengo hili la dakika 50 liwe 30. Nakataa, kwa sababu dakika zinazokatwa ni za kuchukua oda.

Saa 5:30 usiku. Wahudumu wanaondoka kwa awamu, kadiri kumbi zinavyofungwa. Kila oda iliyozidi dakika 20 inaandikiwa sababu moja: jiko, baa, mpelekaji au namba ya kiti. Nyingi zikiangukia kwa mpelekaji, kesho simwongezi mchukua oda. Namtoa mmoja wa wachukua oda ashike trei.