Gyebale ko

Nilipohamia Kawempe, hapa Kampala, kutoka Tanga, nilikuwa nafua uani siku moja, akapita mwanamume nisiyemjua akaniambia, "Gyebale ko, nnyabo." Nikamuuliza jirani yangu, mama wa Bukavu, Kongo, kasema nini yule. Akajibu, "Anakushukuru, dada. Unatumika, ameona." Kwao kutumika ndiyo kufanya kazi. Nikashangaa: anishukuru kwa lipi, na nguo ni zangu mwenyewe?

Kwetu tungesema "pole na kazi." Ni neno la huruma, nalipenda mpaka leo. Lakini Waganda wanakushukuru hata kwa kazi isiyowagusa, na ukinunua kitu muuzaji anasema "weebale kugula," yaani asante kwa kununua. Ilinichukua muda kuitikia bila haya.

Leo asubuhi, baada ya mvua ya usiku, nilimkuta yule mama anayefagia barabara yetu akizoa tope mtaroni. Kajifunga mfuko wa nailoni kichwani, koleo mkononi, buti zimezama. Karibu miaka miwili nampita, salamu ya haraka naenda zangu. Leo nikasimama. "Gyebale ko, nnyabo." Akajinyoosha, mkono kiunoni, akacheka: "Kale, nawe gyebale. Weebale kutunga."

Kutunga, kwa Kiganda, ni kushona. Mimi ni fundi cherehani, na sijawahi kumwambia. Kumbe siku zote hizo nilizokuwa nampita, yeye alikuwa ananiona. Nilifika kibandani machozi yananilenga. Tanga tunatunga shanga, tunatunga asumini. Neno ni lile lile, sindano na uzi.

Siku hizi kabla ya kulala huwa nawataja watu kwa sauti ya chini, kama dua. Kijana wa madumu ya maji anayesukuma baiskeli kupanda kilima. Wafugaji wa upande wa Mbarara kwa maziwa ya chai yangu. Wanaolinda mitambo kule Jinja, ambako Nile imekuwa ikitoa umeme tangu 1954, nami nawasha taa nishone hadi usiku. Hapo huwa nakawia, kwa kuwa maji yale yale yanaendelea hadi Sudan na Misri, na huko pia kuna mama anachota, anapikia wanawe. Simjui jina. Namtaja hivyo hivyo.

Yuko mmoja ambaye bado ulimi unakataa kumtaja: mteja aliyechukua suti ya harusi akaahidi kulipa Jumatatu, na Jumatatu nyingi zimepita. Sitaki kujidanganya kwamba nimemsamehe. Usiku nikifika kwake nanyamaza kidogo, kisha naendelea na wengine.

Mvua imeanza tena sasa hivi, naisikia kwenye mabati. Mtaro utakuwa umejaa. Nimeshaandaa chupa ya chai, tangawizi nimetwanga, na kesho nitabeba vikombe viwili.