Unataka uandishi wa habari, chuo cha sayansi wakwendea nini?

Suali hili naulizwa na kila mtu, kuanzia mama mdogo Micheweni mpaka vijana wanaonitumia meseji WhatsApp wakitaka kujua nafanya nini huku London. Yakhe, si ungebaki zako ukasoma habari hapo SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, ukaingia redioni, basi? Na wana haki ya kuuliza, maana Imperial, chuo ninachosoma mie, ni sayansi, uhandisi, udaktari na biashara, digrii ya kwanza ya uandishi hamna, ipo masters tu ya kuieleza sayansi kwa watu.

Mie naona hivi, kuandika habari utajifunza kwa kuandika na mhariri akakufyekea nusu ya stori yako, na gazeti la wanafunzi hapa Imperial lipo, Felix, tokea 1949, nembo yake paka, wanaoliendesha ni watu wa fizikia na kemia na uhandisi. Wenzao wa MIT, chuo cha sayansi na teknolojia kule Marekani, wana The Tech tokea 1881. Hata H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya za kisayansi, alisoma biolojia hapa hapa South Kensington miaka ya 1880, kwenye chuo kilichokuja kuungwa na Imperial, akaanzisha na jarida la wanafunzi.

Ila sayansi yenyewe huiokoti njiani. Chukua mwani. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar 1989, na aina ya kotonii ndio wenye bei, lakini maji yakizidi joto matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika kwenye kamba yakaenda na maji, akina mama wanabaki na aina ya spinosam, wa bei ya chini. Sasa sikiliza habari zetu: mheshimiwa kafika, kagawa vifaa, kapiga picha, kaondoka. Hakuna aliyeuliza maji yalikuwa digrii ngapi, wala kwa nini Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, na wenzake walijaribu kupanda kwenye kina kirefu kwa neti za mirija. Utafiti wao upo, umechapishwa, ila una magrafu na takwimu, na mwandishi asiyejua kusoma grafu anaruka anakwenda kumnukuu mkubwa. Mama mdogo akinambia kwenye simu "maji yachoma miguu" namuuliza bamvua au maji mafu, saa ngapi, upande gani wa pwani, nae anacheka ati nishakuwa bwana mwani.

Sikudanganyi lakini, kama hesabu huipendi usije, utateseka bure. Na ada ni balaa, Mwingereza analipa pauni 9,000 na ushei kwa mwaka, sie wa nje mara kadhaa ya hiyo, bila ufadhili hata usijaribu. Siku hizi si lazima upande ndege pia, IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, wamefungua tawi hapo Bweleo, Unguja, tokea 2023, wanafundisha sayansi ya data na akili mnemba. Mtakaoingia hapo anzisheni gazeti, stori ya mwanzo natuma mie.