Kujiuzulu Hakumalizi Deni la Maelezo

Kiongozi mkubwa anapofanya uamuzi mbaya na taifa likaumia, swali la kwanza kwetu Watanzania huwa ni kama ataachia ngazi. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, naamini tumelipa uzito kiasi cha kusahau maswali yanayopaswa kulitangulia: alijua nini, alionywa na nani, alikuwa na njia gani nyingine mbele yake, na kwa nini akachagua ile aliyoichagua.

Mfano tunaoutaja daima ni wa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 baada ya kubainika kwamba vyombo vya dola vilivyokuwa vikichunguza mauaji mkoani Shinyanga viliwatesa watuhumiwa hadi baadhi yao wakafia mahabusu. Hakuna aliyedai kwamba yeye ndiye aliyeamuru mateso hayo; alibeba dhamana ya wizara kwa sababu ilikuwa yake. Baadaye alitumwa kuwa balozi nchini Misri, akarejea serikalini, na mwaka 1985 akawa Rais. Nauheshimu sana uamuzi wake, na ni vema watoto wetu wakaujua. Ila umetujengea mazoea ya kuamini kwamba waziri akishaandika barua, shauri limekwisha.

Mazoea hayo yalitugharimu mwaka 2008. Miaka miwili kabla yake, nchi ikiwa katika mgawo mkali wa umeme uliosababishwa na ukame, Serikali iliingia mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond wa kuzalisha megawati 100. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilieleza kwamba kampuni hiyo haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, na ikaihusisha ofisi ya Waziri Mkuu na uamuzi wa kuipa zabuni. Tarehe 7 Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza bungeni Dodoma kwamba amemwandikia Rais kuomba kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Wapo waliolipuuza lalamiko hilo kama utetezi wa mtu aliyebanwa. Mimi naliona kuwa zito, kwa sababu mtu anayetuhumiwa kwa uamuzi mbaya ndiye shahidi wa kwanza wa uamuzi huo, na kutomhoji ni kumnyima yeye haki ya kujitetea na kutunyima sisi haki ya kujua.

Lowassa alibaki kuwa mbunge wa Monduli hadi mwaka 2015. Kwa miaka saba alikuwa mjumbe wa Bunge lilelile lililoipokea taarifa ya kamati, ilhali sisi tulijadili hatia yake na usafi wake vijiweni na kwenye majukwaa ya kampeni. Mwaka 2015 alipohama chama tawala cha CCM kwenda chama cha upinzani cha Chadema na kugombea urais, wengi waliokuwa wakimwita fisadi walimnadi kama mkombozi, na baadhi ya wale waliokaa naye chama kimoja miaka yote hiyo wakayakumbuka ghafla ya Richmond. Rekodi ya mahojiano ya wazi ingewabana wote. Kwa kuwa haikuwepo, kila upande ulijitungia ukweli wake kwa mahitaji ya msimu ule wa uchaguzi, na alipofariki dunia Februari 2024, majibu ambayo yeye peke yake angeweza kutupa alikwenda nayo.

Uingereza ilitenda tofauti kwa aliyekuwa Waziri Mkuu wake, Boris Johnson. Alijiuzulu ubunge Juni 2023 akiwa bado anachunguzwa kuhusu kauli zake bungeni juu ya mikusanyiko ya wakati wa korona, lakini kamati ya Bunge iliyomchunguza, ambayo wajumbe wake wengi walitoka chama chake mwenyewe, ilikuwa imekwisha kumhoji hadharani, na Bunge likaipitisha taarifa yake kwa kura 354 dhidi ya 7 ingawa mhusika alikuwa amekwisha kuondoka.

Sidai kwamba kila anayekosea afukuzwe. Uamuzi wa dharura hufanywa kwa taarifa pungufu, na kiongozi aliyekosea kwa nia njema anastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Mwizi ana mahakama. Aliyekosea katika busara anahitaji Bunge linalouliza kwa utulivu na kuandika majibu. Katiba yetu inataka mawaziri watokane na wabunge, kwa hiyo aliyejiuzulu uwaziri kwa kawaida huendelea kukaa ukumbini humo, na sheria ya kinga, madaraka na haki za Bunge inaziruhusu kamati kumwita shahidi na kumtaka alete nyaraka. Spika na wenyeviti wa kamati wana nyenzo zote mkononi, na ninawaomba wazitumie hata baada ya barua ya kujiuzulu kupokelewa.