Nyota ya udongo

Kaka yangu Idrisa ameoa, alhamdulillahi. Pilau ilitosha, yule tuliyemhofia hakuzua jambo, na mwenye nyumba wangu akachagua siku ya kuamkia harusi kunitangazia kuwa kodi inapanda. Hayo nitayaandika nikipata moyo. Leo nina sentensi moja tu ya Ami Hamadi inayonikereketa, nikifua ipo, nikipanga dawa rafuni ipo.

Ami Hamadi, ndugu wa baba yangu, mnamjua, ni yule wa kisa cha baiskeli nilichowahi kuandika hapa. Ana kijitabu cha falaki, yaani elimu ya kusoma nyota za watu, kurasa zimegeuka rangi ya chai, na jalada lake lina jina la Abu Maashari. Abu Maashari mwenyewe alikuwa mnajimu wa Baghdad, mzaliwa wa Balkh, akafia Wasit mwaka 886. Sidhani kama aliwahi kukiona kijitabu hicho, seuze kukiandika, lakini kwa ami yangu neno lake ni la mwisho. Kabla ya harusi alitakiwa aangalie nyota za Idrisa na bibi harusi kama zinapatana. Imamu wetu hapendi kabisa mambo haya, na hadithi ya anayemwendea mpiga ramli kutokubaliwa swala yake siku 40 kila mtu pale barazani anaijua. Ami hujibu kwamba yeye hapigi ramli, anapiga hesabu.

Na kweli ni hesabu. Unachukua jina la mtu kwa herufi za Kiarabu na jina la mama yake. Kila herufi ina thamani: alif 1, be 2, jim 3, unapanda hivyo hadi ye 10, kaf 20, unaendelea mpaka ghaini, 1000. Unajumlisha yote, unaondoa 12 kila inapotoka, kinachobaki ndiyo nyota. Likibaki moja, Hamali. Mbili, Thauri. Kisha Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu, na isipobaki kitu ni Hutu. Nyota hizo 12 zinagawanywa kwa moto, udongo, upepo na maji, tatu tatu, na hapo ndipo tabia ya mtu inapotolewa kama kadi ya kliniki: huyu ana hasira za karibu, yule hasahau, huyu mali haikai mkononi mwake.

Idrisa alitoka Hamali, moto. Bibi harusi Mizani, upepo. Moto na upepo vinapatana, vigelegele. Ningekuwa na akili ningeondoka hapohapo kwenda kukatakata vitunguu. Nikabaki, na Ami akanigeukia.

"Na wewe tukuangalie. Mama yako nani?"

Mama yangu nani! Shemeji yake, aliyempikia futari miaka na miaka.

"Mariamu, Ami."

Akaandika nyuma ya risiti ya Luku. Salma: sin 60, lam 30, mim 40, ye ya mwisho 10, jumla 140. Mariamu 290. Pamoja 430. Ukiondoa 420 linabaki kumi.

"Jadi," akasema. "Udongo." Akavua miwani akanitazama kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta siku nyingi. "Ndiyo maana. Huyu hata umkanyage vipi, hasemi."

Watu wakacheka, wala si kicheko kibaya. Shangazi, huku anachambua mchele bila kuinua kichwa, akasema, "Hapo umenena, Hamadi."

Basi. Kilichotokea ni hicho tu. Nilitabasamu, nikaenda kwenye vitunguu.

Tangu hapo nimeshamjibu Ami kwa namna zote. Bafuni nilimwambia, "Anayekanyagwa anamjua anayemkanyaga, Ami." Kwenye daladala nikapata zuri zaidi, kwamba udongo ndio unaowazika wote, moto na upepo na maji, ila hilo haliwezekani kusemwa mbele ya maharusi. Usiku nikawa simjibu yeye tena, namjibu Shangazi. Ami ana kitabu cha kusingizia. Shangazi hana kitabu. Yeye alikubali kwa ushahidi wa macho yake, na alikubali upesi mno, kama mtu anayeulizwa bei ya sukari. Halafu hakuna aliyesema "aa, Salma si hivyo." Idrisa alikuwa pale, yule niliyempigania kwa mjumbe mwaka ule wa kiwanja, na yeye akacheka na wenzake.

Nikakichukua kijitabu. Ami hakatai kuazima, anachokataa ni kurudishiwa kikiwa na mafuta. Nikasoma Jadi ya wanawake, maana wanaume na wanawake wameandikiwa mbalimbali. Eti nina alama mwilini. Eti kuna watu wananichekea usoni na moyoni wana jingine. Eti nitapata shida kisha nafuu. Nikasoma na Saratani, ana alama mwilini. Kausi, alama. Jamani, ni nani aliyevuka utoto wa Ngamiani bila alama mwilini? Mimi ninayo ya jiko la mchina na ya waya wa seng'enge, ningetosha kuwa nyota mbili.

Hata hivyo sikukiweka chini. Mambo haya yana utamu wake, tuseme kweli. Tuliokua tunamsikia marehemu Sheikh Yahya Hussein redioni tunajua: hata asiyeamini alinyamaza ilipofika zamu ya nyota yake. Mtu anataka aambiwe yeye ni nani, tena na asiyemdai kitu.

Ndipo nikaiona ile ye. Ami aliliandika jina langu kwa ye ya mwisho, kama lilivyo kwenye vitabu vya Kiarabu. Je, likiandikwa kwa alif? Nikachukua kalamu. Sin 60, lam 30, mim 40, alif 1, ni 131. Na Mariamu 290, jumla 421. Linabaki moja.

Hamali! Moto, kama Idrisa! Nilisimama pale jikoni nikacheka peke yangu. Siku nzima nilitembea na moto wangu. Mteja aliyetaka antibayotiki bila cheti cha daktari nilimwambia hapana mara moja, sikumung'unya maneno, na yule kijana wa kaunta akaniuliza kama naumwa. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba Hamali magazetini huandikwa Punda, na kwamba punda naye si maarufu kwa kukataa mzigo.

Nikampigia Ami simu. Nilitegemea atakasirika. Wapi, alifurahi, alikuwa hajapata mtu wa kubishana naye falaki tangu afe Mzee Bakari. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo haiamuliwi na mimi wala wewe. Jina alikuandika mama yako. Aliandikaje?"

Mama aliandika kwenye msahafu wake, ndani ya jalada la nyuma, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofunzwa chuoni wakati wao. Msahafu uko kabatini kwangu tangu tugawane vitu. Sikuwa nimeufungua ukurasa ule tangu arobaini yake.

Jina langu liko chini kabisa. Si kwa ye, si kwa alif. Kaliandika kwa he, kama linavyotamkika mtu akiwa na haraka. He ni 5. Nilihesabu nimesimama, 135 na 290, 425, linabaki tano. Asadi. Simba. Kwa hiyo mkia wa herufi moja unatosha kunitoa kwenye mbuzi wa udongo, kunipitisha kwa punda na kunifikisha kwa simba, na mama yangu ndiye aliyenipa simba. Nilitaka kumpigia Ami hapohapo.

Lakini jicho likapanda juu. Idrisa ana mistari minne: kazaliwa usiku wa kuamkia Jumatatu, mvua ya masika, mkunga Bi Tatu, baba yake kafika asubuhi na samaki changu wawili. Dada Rukia ana mistari mitatu, na homa aliyoipata siku ya saba imo. Zubeda ana miwili. Mimi: "Salma. Ijumaa."

Najua. Mtoto wa nne, nyumba ya vyumba viwili, baba yuko baharini, kalamu yenyewe ipatikane. Hata mimi kwenye blogu hii miezi ya kwanza niliandika kila siku, sasa mnaniona. Najua kabisa. Nimeuangalia ule mstari kuona kama kuna kilichofutika, nimeusogeza kwenye taa ya simu. Hakuna kilichofutika. Wino wake ni mzuri kuliko wa mistari ya juu.

Zubeda kaniuliza kwa nini nimempigia usiku kumuuliza kama mama alipenda Ijumaa. Nikamwambia nilikuwa naota.

Simba sijamtangazia Ami. Kijitabu nitamrudishia Jumapili, kina doa dogo la mafuta ukurasa wa Sumbula, sijui nitasema nini.

Na friji ya dukani imeanza tena ule mlio. Thamometa jioni ilisoma 9, na insulini inataka kati ya 2 na 8. Fundi anasema ni kompresa, bosi anasema fundi anatafuta pesa. Nimezihamishia kwenye friji ya mgahawa wa jirani, chini ya soda, na kufuli sina. Wakikata umeme usiku huu kama jana, sijui nitamwambia nini yule mama wa Makorora anayekuja saa moja asubuhi.