Hesabu za Majirani, Ramadhani ya 2020

Mei 2020, Serikali ya Kenya ilipoufunga Mji wa Kale wa Mombasa ili kuzuia korona, nilikuwa nyumbani kwa mama nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu hesabu za maambukizi. Mfano wa kihisabati wa wanasayansi Kermack na McKendrick wa 1927, ambao hadi leo ni msingi wa taaluma hii, huwagawa watu katika wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliotoka katika mnyororo kwa kupona au kufa, nao huchukulia kwamba yeyote aweza kukutana na yeyote. Mtaani kwetu watu hawaishi hivyo.

Usiku mmoja, baada ya kusali tarawehe nyumbani, nilimuuliza mama kwa nini sasa alivaa barakoa hata kupokea sahani ya futari mlangoni, ilhali Wizara ya Afya ilikuwa ikitangaza takwimu tangu Machi. Akanijibu, "Mwanangu, takwimu hazina mlango. Nimesikia nyumba ya nyuma kuna mgonjwa, hapo ndipo nilipoogopa."

Jibu hilo ndilo nililolitia usiku ule katika programu ya kompyuta ya kuigiza maambukizi ya mtaa. Kila nyumba niliifanya nukta. Mistari ya kwanza iliwaunganisha waliokutana ana kwa ana, ya pili ikawaunganisha waliopashana habari, hata kwa simu. Tahadhari ya kila nyumba ilipanda kwa kadiri ya wagonjwa iliowajua, kisha ikafifia siku zilipopita bila habari mpya. Mistari ya aina zote mbili ilipopita njia moja, ugonjwa ulizimika karibu na ulipoanzia, kwa kuwa jirani aliwahi kujilinda. Tahadhari iliyotegemea takwimu za nchi nzima pekee ilichelewa kupanda, ikashuka kote kwa pamoja, na wimbi la pili likafuata.

Jaribio la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Walikuwapo waliokificha kikohozi kwa kuogopa karantini na kunyooshewa vidole, nami siwalaumu. Nilipofuta mistari ya habari ya nyumba chache za namna hiyo, zile zenye wageni wengi, ugonjwa ulifika hadi ncha ya pili ya mtaa huku majirani wakiendelea kupelekeana sahani. Kabla ya daku nilimwandikia msimamizi wangu kwamba hofu ya kujulikana ingepewa kigezo chake ndani ya mlinganyo, na kwamba sura ya tatu ningeiandika upya yote.