Kebo za kuficha ukutani kabla ya kutundika runinga

Fundi anachimba ukuta wa sebule yetu hapa Mbagala, nami nimemwomba asipige plasta mpaka nimalize kuchagua kebo. Ukuta ni wa tofali za saruji. Ukishafunikwa, kubadilisha chochote ni kubomoa.

Ndiyo maana nimeanza na bomba la kupitishia kebo. Fundi alileta lile la milimita 20 la nyaya za taa, na kichwa cha HDMI, kebo ya picha na sauti, hakipiti humo. Nimenunua la milimita 40, lenye kona za mviringo, na ndani tunaacha kamba ya kuvutia kebo nyingine baadaye.

HDMI nimechukua yenye lebo ya Ultra High Speed, inayobeba hadi gigabiti 48 kwa sekunde. Kutoka runinga hadi kabati la king'amuzi ni mita 3, kwa hiyo ya shaba inatosha. Ingekuwa mita 10 ningechukua ya nyuzi za mwanga, na hiyo ina upande wa king'amuzi na upande wa runinga: ukiigeuza, picha haiji. Nimeongeza Cat6 ya intaneti, ya shaba halisi, si alumini iliyopakwa shaba, pamoja na waya wa dishi.

Umeme hauingii bomba hilo kabisa. Ule waya laini unaokuja na runinga haukutengenezwa kuzikwa ukutani, kwa hiyo soketi itakaa nyuma ya runinga, na bomba lake peke yake. Mke wangu anataka soketi mbili. Zitakuwa mbili.